Maneno ya Kiingereza Yahusuyo Ugomvi na Mapigano

Wasomaji wetu wengi wa Bukoba na Muleba, hasa waalimu na watendaji wa vijiji, huombwa na jirani zao wawaandikie barua au wawafasirie hukumu za zamani. Ni kweli kwamba sheria ya mwaka 2021 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama zetu, lakini hukumu za Mahakama Kuu zilizotangulia ziliandikwa kwa Kiingereza, na neno moja likikosewa shauri zima hugeuka.

Twakumbuka barua moja tuliyoiona. Majirani wawili waligombania mpaka wa kibanja. Walitupiana maneno tu, kila mmoja akiwa upande wake wa migomba. Mwandishi, akitaka kusema kwamba waligombana, akaandika "they fought". Aliyeisoma akauliza, Ni nani aliyeumia? Basi wale wawili wakaitwa kueleza mapigano yasiyokuwapo, na habari ya mpaka, iliyokuwa ndiyo haja yao, ikawekwa nyuma.

Kosa hili lina asili yake. Neno letu ugomvi ni pana. Laanzia kinywani na laweza kufika mikononi. Waingereza hugawanya. "Quarrel" ni ugomvi wa maneno wenye hasira ndani yake. "Argue" ni kubishana kwa hoja, na watu waweza kubishana hivyo huku wakinywa kahawa pamoja. "Dispute" ni shauri ambalo pande mbili hazikubaliani, na hilo ndilo neno la ardhi. Katika shauri mashuhuri lililoamuliwa na Jaji Mwalusanya mwaka 1990, mwanamke Mhaya aliuza shamba la ukoo alilorithi kwa baba yake, na mtu wa ukoo wake akashitaki katika Mahakama ya Mwanzo ya Kashasha, Muleba. Shauri likapanda hadi Mahakama Kuu, na haki ya mwanamke kuuza ikathibitishwa. Kiini chake hakikuwa ngumi. Hiyo ni "dispute", wala si "fight".

Tukija kwenye mikono, "scuffle" ni purukushani: watu wasukumana na kushikana mashati, bila mpango, na kwa muda mfupi. Mtu aliyekatwa panga hakuwa katika "scuffle". Aandikaye hivyo amempunguzia aliyeumizwa haki yake, hata kama nia yake ilikuwa njema. "Brawl" ina kelele na watu kadhaa, kama ilivyo mara nyingine kwenye rubisi jua likizama. "Affray" ni neno la sheria, nalo latokana na neno la Kifaransa la kutisha. Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 87, yamhukumu ye yote anayeshiriki mapigano mahali pa watu wote. Kwa hiyo wanaopigana ndani ya chumba chao usiku hawaingii katika neno hilo, japo waweza kuingia katika mengine.

Neno "assault" huwasumbua wengi, maana wadhani lazima damu itoke. Sivyo. Shambulio la kawaida, kifungu cha 240, halihitaji jeraha. Shambulio la kudhuru mwili, kifungu cha 241, ndilo linalohitaji dhara, na adhabu yake ni kubwa zaidi. Mfasiri asiruke maneno haya ya mwisho kwa kuona ni marefu.

Tuangalie pia kineno "with". Mtu akisema kwamba babu yake "fought with the British" Bukoba mwezi wa Juni 1915, Waingereza walipoushambulia mji na kuubomoa mnara wa simu ya upepo wa Wadachi, hatujui kama mzee alikuwa upande wao au alipigana nao. Heri kuandika "against" au "alongside". Tena vita ile isiitwe "scuffle", wala ya Kagera ya 1978 hadi 1979 isiitwe "quarrel", kama tulivyopata kuona katika daftari la mwanafunzi.

Mwisho ni "alinipiga". Kofi moja ni "he hit me" au "he slapped me". "He beat me" ni kupigwa tena na tena. Na wakati uliopita wa "fight" ni "fought", "fighted" halipo. "Quarrelled" huandikwa kwa l mbili Uingereza, Marekani kwa moja.