Ada ya Wifi na Daftari la Mangi

*Shangazi,*

*Naishi Kihesa, hapa Iringa, nina watoto watatu. Nashona cherehani kibarazani karibu na Mashine Tatu, na mume wangu ni mwalimu wa shule ya msingi. Hela yangu huja kidogo kidogo kila siku, yake huja mwisho wa mwezi.*

*Wifi yangu yuko Uyole, Mbeya, ameajiriwa. Yeye na wenzake wa kikoba wamefungua stoo ya wanachama. Unalipa ada Sh 60,000 kwa mwaka, halafu kila tarehe 1 unatuma Sh 100,000, nao wananunua mchele, sukari, mafuta na sabuni kwa jumla na kukugawia kwa bei ileile. Kwao sukari ni Sh 2,700 kwa kilo, hapa mtaani 3,000. Mafuta 5,800 kwa lita, hapa 6,500. Mchele 2,500, hapa 2,800. Mzigo wangu utapakiwa kwenye basi, nitaupokea Ipogolo. Wifi anasema hata Marekani watu hulipia kadi ndipo waruhusiwe kuingia dukani, na wanaokataa ni wale wasiopenda maendeleo.*

*Mume wangu anataka nijiunge kwa sababu anayeomba ni dada yake. Hiyo laki, hata hivyo, itatoka kwenye cherehani. Tena nina deni la Sh 45,000 kwa Mangi mwenye duka hapa jirani, naye ndiye hunikopesha siku ambazo wateja hawaji. Naona aibu kumpita na viroba vya mchele kutoka Mbeya. Nijiunge, au nimkatalie wifi na kuharibu undugu?*

*Mama Watatu, Kihesa*

Mwanangu,

Nashukuru umeniandikia na bei, maana wengi huniletea ugomvi bila namba. Nimezipigia hesabu. Nyumba ya watu watano kama yako, kwa makadirio yangu, hutumia kilo 6 za sukari, lita 5 za mafuta na kilo 20 za mchele kwa mwezi. Kwa bei za wifi utaokoa Sh 1,800 kwenye sukari, 3,500 kwenye mafuta na 6,000 kwenye mchele. Kwa sabuni tuseme 1,500. Jumla yake ni Sh 12,800, na hiyo si hela ya kudharau.

Sasa toa ada. Elfu sitini kwa mwaka ni elfu tano kila mwezi, unabaki na 7,800. Halafu kuna kitu ambacho wifi hakukitaja: mzigo haupandi mlima wenyewe kutoka Ipogolo hadi Kihesa. Ukiweka elfu tatu ya basi na elfu tatu ya bodaboda, na hapo nimekadiria kwa huruma, mkononi utabaki na Sh 1,800. Kwa faida hiyo utakuwa umeikabidhi laki moja yako tarehe 1 na kuisubiri irudi ikiwa mchele.

Hiyo laki ndiyo inayonitia wasiwasi kuliko ada. Kwa mwenye mshahara, laki iliyotengwa kwa chakula ni laki ya chakula tu, italiwa kwa njia yoyote. Kwa fundi cherehani, laki ni vitambaa, uzi, zipu na bitana. Mteja akija na sare za harusi nawe huna hela ya kununulia vifaa, kazi inakwenda kibaraza cha pili. Gauni moja ulilokosa kushona linameza akiba ya miezi mingi ya ile stoo. Hesabu za namna hii haziandikwi kwenye karatasi ya kujiunga, ndiyo maana akina mama wengi huingia kwenye mambo haya kwa furaha na kutoka kwa madeni.

Kuna pia upotevu wa ndani. Dumu kubwa likikaa jikoni, mkono unakuwa mwepesi, na ukaango uliokuwa unapata vijiko viwili unapata vinne. Tena hapa kwetu ikifika Juni na Julai, mafuta ya mawese huganda ndani ya dumu, asubuhi mtu analisogeza jikoni au kulianika juani ndipo yamiminike, na kila mara mengine yanamwagika. Mafuta ya alizeti huvumilia baridi vizuri zaidi. Sukari nayo wakati wa masika huvuta unyevu kama mfuko umefunguliwa na kuachwa sakafuni. Sikutishi. Ninachosema ni kwamba kununua kwa jumla kunataka chumba kikavu, chombo chenye mfuniko, na mtu mmoja mwenye mamlaka ya kupima kinachotoka. Unavyo?

Kuhusu Marekani, wifi hakudanganya. Mwaka 1976 mjini San Diego lilifunguliwa duka la Price Club ndani ya jengo lililokuwa la ndege, la kuingia kwa kadi ya kulipia. Costco likafuata mwaka 1983 kule Seattle. Maduka ya namna hiyo huuza kwa nyongeza ndogo sana juu ya bei ya kununulia, na sehemu kubwa ya faida yao hutokana na ada za kadi. Ila tazama nani anaingia mle: ni mtu mwenye gari la kubebea, friji kubwa nyumbani na mshahara wenye tarehe. Na huko Costco mwanachama asiyeridhika hurudishiwa ada yake. Muulize wifi kama kikundi chao kitarudisha yako ukijitoa mwezi wa nne. Jibu atakalokupa litakufundisha mengi kuhusu ile stoo.

Hata hivyo nataka nimtendee haki wifi yako. Kwake mpango huu una akili. Yuko Uyole, ana mshahara, na mashamba ya mpunga ya Usangu yako barabara ileile ya kuja Iringa. Halipi basi wala bodaboda ya kupanda mlima. Wenzake anaonana nao kwenye kikoba, anazijua tabia zao. Msomaji wangu wa Mbeya mwenye hali kama yake, nisingemzuia. Kosa la wifi ni kudhani kinachomfaa yeye Uyole kitakufaa wewe Kihesa, na lile neno la wasiopenda maendeleo halikuwa la haki.

Maana sisi wa nyanda hizi tuna jambo ambalo mtu wa San Diego hana: chakula kinalimwa mlangoni petu, na bei yake hupanda na kushuka kwa msimu kuliko kwa kadi. Mchele wa Pawaga unatoka wilaya yako hiyohiyo ya Iringa. Kwa nini usafirishe mchele mamia ya kilomita kutoka Mbeya? Kama ni harufu ya mchele wa Kyela mnayoitaka, sawa, nunueni kilo chache za sikukuu. Wa kila siku, subiri mavuno. Mei hadi Julai mpunga unapotoka shambani bei hulegea, na kufikia Januari na Februari inakuwa imepanda tena. Anayenunua gunia wakati wa mavuno kwa fedha taslimu huweza kuokoa zaidi ya zile Sh 300 kwa kilo za wifi, bila ada ya mtu. Maharage nayo yana wakati wake, na nyanya na vitunguu vya Ilula havihitaji uanachama wowote.

Hapo ndipo mshahara wa mume wako unapotakiwa. Kama kweli anapenda mpango wa jumla, gunia la mavuno litoke kwake. Mkalinunue pamoja, mlipime kwenye mizani yenye alama ya Wakala wa Vipimo, maana gunia linaloitwa la kilo 100 mara nyingine hukutwa likiwa pungufu. Likifika nyumbani lianikwe kidogo kama lina unyevu, kisha lihifadhiwe kwenye mifuko isiyopitisha hewa ili fukusi wasipate pumzi. Kwa mahindi na karanga unyevu ni hatari zaidi, kwa sababu huleta sumukuvu. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu Dodoma na Manyara.

Vinabaki vitu vya kiwandani: sukari, sabuni, mafuta. Hapo ni kweli jumla inasaidia. Mwanzoni mwa 2024 sukari ilipoadimika, baada ya mvua za El Nino kukwamisha uzalishaji viwandani, aliyekuwa na mfuko ndani hakuhangaika. Lakini maduka ya jumla yapo hapohapo Iringa mjini. Tafuta majirani watatu au wanne unaowaamini, mchange kwa dumu moja la lita 20 na katoni moja ya sabuni, mgawane siku hiyohiyo kwa kipimo mbele ya wote, kisha kila mtu aondoke na chake. Hakuna stoo, hakuna mweka hazina, hakuna hela inayolala kwa mtu. Mwezi ambao huna, hushiriki, na hakuna atakayekudai.

Wale wa Uyole waliokwisha kujiunga, nawaomba mhakikishe jambo moja. Kuweka na kukopa kwenye kikoba ni kazi moja, na kuendesha stoo ya bidhaa ni kazi nyingine. Vikundi vya fedha vinatakiwa kusajiliwa kupitia halmashauri chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, na mkitaka duka la ushirika hasa, linasajiliwa kwa Mrajis wa Vyama vya Ushirika. Muwe na katiba inayosema nani anashika fedha, nani anahesabu mzigo, na anayejitoa anapata nini. Jifunzeni kwa waliotangulia: mwaka 1844 wafumaji na mafundi wengine wa mji wa Rochdale, Uingereza, waanzilishi 28, walifungua duka lao kwa unga, siagi, sukari na vitu vichache. Waliuza kwa fedha taslimu tu, wakapima kwa haki, na faida wakaigawa kulingana na mtu alivyonunua. Ushirika wa walaji wa dunia nzima ulijifunza kwao. Hapa kwetu mwaka 1976 ilipoendeshwa Operesheni Maduka, maduka ya watu binafsi vijijini yalifungwa ili ya ushirika yachukue nafasi, na haikudumu, kwa sababu duka jipya halikuwa tayari kubeba mzigo wa lile lililofungwa. Waliopanga foleni kwenye maduka ya kaya miaka ya 1980 wanaelewa maana ya kubaki na mlango mmoja wa kununulia, tena mtupu.

Ndiyo maana, mwanangu, nakusihi usimdharau Mangi. Bei yake ni kubwa kidogo kwa sababu anakuuzia robo ya sukari na mafuta ya kupima, na kwa sababu anakuandika kwenye daftari siku ambayo kibaraza hakina mteja. Stoo ya Uyole haitakupa hata kibiriti bila hela. Mtoto akiugua Jumanne na cherehani ikikwama, utakwenda kwa nani? Ila daftari nalo lisigeuke mazoea. Elfu arobaini na tano ni nyingi kwa nyumba yako, na kila anayekopa hupoteza sauti ya kuulizia bei. Mlipe, kisha uone jinsi atakavyokubali kukupunguzia ukinunua katoni nzima kwake. Wenye maduka wengi hukubali, tatizo hatuwaulizi.

La undugu. Usimjibu wifi wewe kwa simu, hata kama una maneno mazuri. Mwenye kumjibu ni kaka yake. Kaa na mume wako jioni watoto wakishalala, mwekee hizi hesabu mezani, mwonyeshe ile Sh 1,800, mwambie kwa upole kwamba laki hiyo ndiyo mtaji wa cherehani inayomsaidia yeye kusomesha watoto. Kisha ampigie dada yake amwambie, "Mwaka huu hatutajiunga, tunaanza na gunia la mavuno." Wifi akinuna, atanuna kwa kaka yake, na hasira ya ndugu wa damu hupoa mapema. Wewe mtumie salamu, na ukienda Mbeya mpelekee kitu kutoka Iringa. Asikusikie ukiisema vibaya stoo yake mbele ya watu.

Na mume wako akishikilia kwamba ni lazima dada yake asaidiwe, basi ada hiyo na laki ya kila mwezi vitoke kwenye mshahara wake.

Kwa hiyo, mwanangu, tarehe 1 usitume hiyo laki. Nenda kwa Mangi na elfu ishirini ya kwanza, angalia akikata deni kwenye daftari, na umwombe bei ya katoni.