Wenzako Wote Wanalima Alizeti. Wewe Je?

Ukiwa kijana wa Ikungi, Mkalama au Ilongero, hapa Singida, njia unazoonyeshwa zinahesabika. Lima alizeti. Lima vitunguu. Chukua bodaboda ya mkataba. Au panda basi uende Dar, mengine utayajua hukohuko. Hakuna ubaya katika njia hizo hata moja. Ubaya ni kuingia kwa sababu jirani kaingia, halafu miaka mitano baadaye unajiuliza unaishi maisha ya nani.

Kujijua hakuhitaji semina wala mhamasishaji wa kwenye simu. Kunataka vitendo vidogo vidogo, na ukivifuata kwa makini, kiangazi kimoja kinatosha kukupa mwelekeo. Twende.

Anza na wanaokufuata. Kwa wiki mbili, andika kila unachoombwa. Daftari la shule linatosha. Nani kaja, anataka nini, umetumia muda gani, umelipwa au hukulipwa. Usichague. Andika hata vile unavyoviona vya kipuuzi: mama mkubwa kataka umsomee meseji ya benki, jirani kataka umtazamie kuku wake wanaosinzia, mwenyekiti kataka umpangie viti vya mkutano.

Watu hawabahatishi katika hili. Wanajua nani mtaani anaaminika na fedha, nani ana mkono mwepesi wa kusuka, nani akisema na watoto wanatulia. Wa mwisho kujua ni wewe, maana jambo usilolitolea jasho unaliona la kila mtu.

Wiki mbili zikiisha, tafuta jambo lililojirudia na ulizungushie duara. Jiulize swali moja tu: nilipolifanya, nilisahau hata kula? Kama ndiyo, hapo pana kitu. Kama lilikuchosha roho, liache, hata kama wote wanakusifia. Unaweza kuwa hodari wa jambo usilolipenda, na hilo ni mtego wa kwelikweli, kwa sababu sifa ni tamu.

Sasa uliza zaidi: "hasa nini?" Tuchukue kuku, maana Singida na kuku havitengani, matenga yanapakiwa kila leo kwenda Dar es Salaam. Tuseme duara lako limeangukia hapo. Usikimbilie kujenga banda la kuku mia tano. Huko ni kuiga tena, kwa gharama kubwa zaidi. Rudi utazame ulichoombwa. Hakuna aliyekuomba umuuzie kuku. Wamekuomba uwatazame kuku wao. Una jicho la ugonjwa: unamwona jogoo kashusha mabawa kabla mwenyewe hajashtuka. Basi kazi yako iko kwenye kinga.

Na chanjo ya mdondo, ambao wengine huuita kideri, imekaa kama vile imetengenezwa kwa ajili yako. Ni tone moja kwenye jicho, kila baada ya miezi mitatu. Chupa moja ina matone mengi kuliko kuku wa nyumba moja, na ikishafunguliwa haikai. Mama mwenye kuku kumi na wawili anaona hasara kuinunua peke yake. Anaacha. Mdondo unakuja, unafagia banda zima. Wewe ukikusanya nyumba ishirini, ukazunguka alfajiri kuku wakiwa bado ndani, ukatoza kiasi kidogo kwa kila kuku, chupa inakwisha siku hiyohiyo na kila nyumba inakujua kwa jina.

Kabla ya yote, mwone ofisa mifugo wa kata. Akufundishe kuitunza dawa, kumshika kuku na kudondosha tone. Tena waambie wateja ukweli mapema: chanjo inakinga, haiponyi. Kuku aliyekwisha kuugua usimchanje ili uonekane umefanya kazi.

Umeona tulikotoka? Tulianza na "napenda kuku", tukafika "mimi ndiye mchanjaji wa kitongoji hiki". Fanya hivyohivyo na duara lako mpaka upate tendo lenyewe. "Napenda mitindo" haisemi kitu. "Naibana gauni ya mtumba mpaka inamkaa mtu" inasema. "Napenda kompyuta" ni hewa. "Nawajazia watu maombi ya chuo bila kukosea" ni kazi, na kila mwaka wanaohitaji hawakosekani.

Usiache nyuma ulivyozaliwa navyo. Kama unajua Kinyaturu, Kinyiramba au Kinyisanzu, kitumie. Bibi ambaye Kiswahili chake ni cha kuungaunga atamsikiliza anayemweleza dawa, mbegu au mkopo kwa lugha yake, na atamlipa huyo kabla ya mgeni mwenye maneno mengi. Kadhalika na mazingira. Kijana wa Itigi aliyekua karibu na mizinga anajua nyuki kuliko aliyesoma habari zao darasani. Uwanja wa mpira wa Singida mjini, ule uliokuwa Namfua, sasa unaitwa Liti, jina la mwanamke wa Kinyaturu ambaye wazee wanasimulia kwamba aliwapiga Wajerumani kwa nyuki. Wenzie walikuwa na nyuki walewale. Yeye ndiye aliyeona wanaweza kufanya nini.

Chagua msimu wa kujaribu. Mvua zetu ni msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili hivi. Ukijaribu jambo jipya Januari utagombana na shamba, na shamba litashinda. Subiri alizeti ivunwe. Kuanzia Juni mpaka Oktoba una nafasi, na watu wana fedha kidogo mkononi. Tenga kiasi ambacho kikipotea nyumbani hamtalala njaa. Usiuze ng'ombe. Na tafadhali, usiguse mikopo ya kausha damu. Mtu anayekimbizana na marejesho ya kila wiki hana nafasi ya kujijua.

Mara ya kwanza na ya pili, fanya bure kama unaona aibu. Ya tatu, taja bei. Itaje ukimtazama mtu, kisha nyamaza. Ndugu wataguna, wengine watasema umebadilika. Vumilia. "Hongera sana" unaweza kupewa na yeyote. Shilingi elfu inayotoka mfukoni mwa mama muuza mboga inakwambia zaidi.

Punguza simu wakati huu. Si lazima ufute kitu. Nyamazisha tu zile kurasa zinazokufanya ujione umechelewa. Inatosha.

Kuna jambo la muda, na hapa nataka tukae kidogo. Alphonce Felix Simbu ni mtoto wa Singida. Wengi tunamkumbuka kwa asubuhi moja ya tarehe 15 Septemba 2025 jijini Tokyo, alipokimbia maratoni ya mashindano ya dunia kwa saa 2, dakika 9 na sekunde 48. Mjerumani Amanal Petros alipewa muda huohuo. Kilichowatenganisha, baada ya kilomita 42, ni sekunde 0.03. Ikawa dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika mashindano ya dunia ya riadha.

Sasa rudi nyuma. Olimpiki ya Rio 2016, wa tano. Mashindano ya dunia London 2017, shaba. Hapo nchi nzima ikasubiri dhahabu. Olimpiki ya Tokyo, iliyosogezwa hadi 2021, wa saba. Michezo ya Jumuiya ya Madola Birmingham 2022, fedha. Olimpiki ya Paris 2024, wa 17. Ungekuwa umekaa kijiweni siku ile ya Paris ungesikia watu wakimzika: kwisha, umri umekwenda. Aprili 2025 akawa wa pili Boston. Miezi mitano baadaye, dhahabu. Kutoka shaba hadi dhahabu ni miaka minane.

Chukua mawili hapo. La kwanza, miaka yote hiyo hakuhama maratoni. Wewe ukibadilisha wazo kila baada ya miezi miwili, hutajua kama wazo lilikuwa baya au hukulipatia muda. Jiwekee mpaka kabla hujaanza: nitafanya hili kiangazi kizima, kisha nitahesabu. La pili ni hili ambalo wahamasishaji hawapendi kulisema: Simbu ni mwanajeshi wa JWTZ. Ana ajira. Huhitaji kuacha kinachokulisha ili uwe wewe. Lima ekari zako. Endesha bodaboda yako. Kinachokutambulisha kipe Jumamosi na alfajiri mpaka kiweze kujitegemea.

Kuhusu vikundi, kuwa mwangalifu. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Ni fedha nzuri. Lakini wengi huingia kikundi cha sabuni kwa sababu sabuni ndiyo iliyoandikwa kwenye andiko, na hakuna hata mmoja wao anayeipenda. Afadhali utafute watu ambao tayari wanafanya kazi inayogusana na yako. Mchanjaji, muuza pumba na mashudu, mwenye pikipiki ya kubeba matenga: hao wanaweza kuandika ombi moja na kila mmoja akabaki na alichonacho. Ukikosa stadi tu, ulizia kozi fupi VETA au SIDO mjini kabla ya kuomba mkopo wowote.

Nyumbani, usiende kwa baba na habari za "kusudi la maisha". Atakuona umeanza kupotea. Nenda na hesabu, tena nenda jioni akishakula. Kama mzee ni mgumu, pitia kwa mjomba au shangazi kwanza. Ndiyo kazi yao. Sema kwa kifupi: "Shikamoo baba. Shamba nitalima kama kawaida. Ila naomba Jumamosi niwe nachanja kuku. Mwezi uliopita nimepata hizi hapa." Kisha weka sehemu ya fedha mezani, hata kama ni ya chumvi na sukari. Hakikisha ni fedha ya kweli uliyoipata, si ya kukopa.

Kama wewe ni binti, au umeolewa, kikwazo kikubwa mara nyingi ni muda: maji, kuni, jiko, watoto. Usiombe "uhuru". Omba asubuhi moja yenye jina, Jumatano kwa mfano, na mkubaliane nani atashika jiko siku hiyo. Ahadi isiyo na siku husahaulika.

Mtajie pia mtu mmoja asiye ndugu yako unachojaribu, mtu atakayekuuliza Septemba umefikia wapi. Mwalimu wako wa zamani anafaa. Rafiki anayekubali kila unachosema hafai.

Oktoba ikiisha, kaa na hesabu zako. Tazama mambo matatu: wangapi wamelipa, wangapi wamerudi mara ya pili, na je, bado una hamu ya kuamka alfajiri kwa ajili yake. Wakiwa wamelipa na hamu ipo, ongeza siku moja kwa wiki na uanze kutafuta kitongoji cha pili. Wakiwa wamelipa na hamu imekwisha, mfundishe mdogo wako akushikie, mgawane. Na kama hamu ipo ila hakuna aliyelipa, waulize watatu waliokataa sababu, bila kubishana nao. Andika wanachosema, ununue mbegu, upande alizeti yako mvua ikinyesha. Juni si mbali.