Glasi ya Sungura Mtaroni

BARAZANI KWA MAMA MKUBWA

Shikamoo Mama Mkubwa,

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Tabata, Dar es Salaam. Wa kwanza ana miaka 11, wa pili 8, mdogo 4. Pasaka ya ukoo huliwa nyumbani kwangu: wifi zangu wawili na familia zao, shemeji, na mama mkwe ambaye hushuka kutoka Rombo siku chache kabla. Mwaka jana tulikuwa watu 22. Sikutaka kushinda uani naosha vyombo, nikanunua sahani na glasi za plastiki za kutupa. Glasi zilikuwa na picha ya sungura ameshika yai, watoto wakazipenda sana. Nikaongeza mabaluni, na yale mayai ya chokoleti yaliyofungwa karatasi za kung'aa.

Jumatatu ya Pasaka mvua ilinyesha usiku kucha. Taka nilikuwa nimeziweka nje ya geti kusubiri gari, na gari halikuja. Kulipokucha mtaro ulikuwa umeziba, maji yameingia mpaka uani kwa jirani, na juu ya maji zinaelea sahani. Jirani alinyamaza, nami nikanyamaza kama hazinihusu. Binti yangu mkubwa akainama, akaokota glasi moja, akasema kwa sauti: "Mama, hii si ni yetu?" Aliiosha, na mpaka leo iko dirishani kwake.

Sasa yuko klabu ya mazingira shuleni. Zimebaki siku chache tufike Jumapili ya Matawi, naye ameandika kwenye daftari orodha ya vitu visivyoruhusiwa kuingia nyumbani siku ya Pasaka. Inaanza na baluni, inaishia na soda. Mume wangu anasema Pasaka ni mara moja kwa mwaka, tusiwaharibie watu sikukuu. Wifi yangu mkubwa kasikia, akanitumia ujumbe: "Wifi, kama hali ngumu sema tu, tuchangie." Nimelia, Mama Mkubwa. Mama mkwe ndiyo kabisa sijui nitamwambia nini. Nifanye nini ili mtoto asinione mnafiki, na wakwe wasinione bahili?

Mama wa Watatu, Tabata

*

Marahaba, mwanangu.

Futa machozi, kisha mwite binti yako umwambie kwamba alisema kweli pale mtaroni, na wewe uliona aibu. Maneno ya dakika mbili tu. Mtoto wa miaka 11 anaweza kumsamehe mama aliyekosea. Kinachomkera ni mtu mzima kujifanya haoni. Wahenga walituambia samaki mkunje angali mbichi. Kwako mwaka huu samaki ndiye anayemkunja mvuvi, na si vibaya, mradi mvuvi naye awe na la kusema.

La kusema unalo. Orodha ya binti yako imelalia upande mmoja, imejaa makatazo. Siku 40 za Kwaresima tumefunga. Pasaka nayo ikija na orodha ya kujinyima, hata mimi nitakaa upande wa mumeo. Mwambie apige mstari katikati ya ukurasa. Kila alichokifuta, aandike ng'ambo ya pili kitakachokaa mahali pake. Baluni zimetoka, nini kimeingia? Asipopata jibu, kitu hicho kinabaki mpaka mwakani. Hivyo ataacha kuwa askari wa getini, atakuwa mwenye shughuli.

Anzeni na sahani, kwa kuwa ndizo zilizomfikia jirani. Pigeni hesabu wote wawili: watu 22, kila mmoja sahani 2 na glasi 3, ni vipande 110 kwa sikukuu moja. Katazo la Juni 1, 2019 lilituondolea mifuko ya rambo mikononi, lakini sahani na glasi za kutupa zikabaki madukani, nasi tukahamia huko na uvivu wetu. Na Pasaka hutukuta katikati ya masika. Sahani uliyoilia dakika 20 haina safari ndefu kutoka getini hadi mtaroni.

Kesho nenda kwa anayetunza vyombo vya jumuiya yenu ya kanisani. Jumuiya nyingi zina sahani, mabakuli na masufuria makubwa yaliyonunuliwa kwa michango, kwa ajili ya misiba na harusi, na muda mwingi yamelala kwenye viroba chini ya kitanda cha mtu. Wahi, maana Pasaka ni ya wote. Ukivikosa, nenda kwa wakodishaji wa vyombo vya shughuli, hao hao wa viti na maturubai. Ulizia bei, uilinganishe na ulichotumia mwaka jana, kisha mpe mumeo karatasi aisome mwenyewe.

Najua unachowaza: nani ataosha? Si wewe. Panga mabeseni matatu uani: la kwanza la kuloweka, la pili la sabuni, la tatu la kusuuza. Anayemaliza kula anaosha yake. Ila sheria hiyo isitangazwe na wewe, wala isitangazwe na mtoto. Baba mwenye nyumba anyanyuke wa kwanza, akunje mikono ya shati mbele ya dada zake, aoshe. Hakuna shemeji atakayebaki amekaa.

Kuhusu soda, binti yako alegeze kidogo. Leteni soda za chupa za kioo kwenye kreti: chupa 24 zinakuja, chupa 24 zinarudi, na ukivunja moja unailipia. Sisi tulikulia kwenye utaratibu huo kabla chupa za plastiki hazijatuzoesha kutupa. Kando yake weka ndoo safi yenye mfuniko, ya juisi ya ukwaju au ya rozela, na kata ya kuchotea.

Sasa mapambo. Hapa mama mkwe wako atamwelewa mjukuu wake kuliko unavyodhani, kwa sababu Kanisa lenyewe halitupi. Matawi ya Jumapili ya Matawi hutunzwa nyumbani mwaka mzima, kisha hukusanywa na kuchomwa, na majivu yake ndiyo tunayopakwa Jumatano ya Majivu. Tawi moja, ibada mbili. Basi yale mtakayobarikiwa Jumapili hii yafumeni misalaba, muitundike ukutani. Kwa mapambo ya kuchezea tafuteni makuti mengine mabichi. Mtoto yeyote wa pwani anajua kusuka saa ya mkononi, miwani, na kititia kile kinachozungushwa na upepo. Wa kwenu wasipojua, kijana anayekwea minazi atawafundisha. Fundi cherehani wenu ana mabaki ya vitenge chini ya meza yake. Yakatwe pembetatu, yashonwe kwenye kamba moja ndefu. Baada ya sikukuu kamba inakunjwa inawekwa kabatini, na mwakani inatoka tena, mpaka watoto waikumbuke kama ya kwao.

Tuje kwa mayai, maana najua mdogo wa miaka 4 hatakubali Pasaka bila yai. Na asikatazwe. Zamani huko Ulaya mayai yalikuwa mwiko wakati wa Kwaresima, lakini kuku hawakufunga, wakaendelea kutaga. Pasaka ilipofika mayai yalikuwa yamejaa vikapuni, yakaliwa kwa shangwe. Sungura aliongezwa na Wajerumani. Wa hadithi zetu ni mjanja mno kugawa mayai bure kwa watoto wa watu, angeyauza.

Nunua mayai ya kienyeji yenye ganda jeupe, kwa kuwa ya kahawia hayaonyeshi rangi vizuri. Muombe muuza vitunguu sokoni maganda makavu, yajaze sufuria ndogo. Atakupa bure na kukushangaa. Yachemshe nusu saa mpaka maji yawe kama chai ya rangi iliyokolea. Chuja, yapoe. Watoto walaze jani la kotimiri juu ya yai, walifunge kwa kipande cha soksi ndefu kuukuu, wakaze fundo nyuma. Tumbukiza mayai, tia vijiko viwili vya siki, chemsha dakika 10, kisha yaache humo humo yalale mpaka maji yapoe. Mtoto akifungua fundo, yai limegeuka rangi ya udongo mwekundu, na pale palipokuwa na jani pamebaki jani jeupe, na vishipa vyake vyote. Nimewaona watu wazima wakigombea kufungua la pili. Ukitaka ya njano, tumia binzari.

Bitiruti iogope. Mwaka mmoja nilijitia ufundi, nikayapaka mayai maji ya bitiruti bila siki, na sikusubiri yakauke. Mtoto wangu wa ubatizo, aliyebatizwa kwenye Mkesha wa Pasaka, alikuja kunisalimu na gauni lake jeupe. Nikampa yai, akalikumbatia kifuani. Nimelifua gauni lile kwa ndimu, nimelifua kwa sabuni ya mche, nimelianika juani siku tatu. Doa bado lipo. Mama yake alinisamehe, lakini kila Pasaka ananiuliza kwa upole: "Mwaka huu unatumia nini, dada?"

Mvua ikinyesha, mayai yafichwe ndani ya nyumba, na anayeficha aandike idadi. Lile litakalosahaulika nyuma ya kochi litajitangaza lenyewe baada ya siku nne. Yaliyopatikana yaliwe siku hiyo hiyo kwenye kachumbari, maganda yaende kwenye udongo wa mche. Chokoleti nayo haina kosa. Kakao tunalima wenyewe Kyela, nyingi husafirishwa nje ikiwa mbegu tu, halafu chokoleti inaturudia imevaa karatasi ya kung'aa. Badala ya vijiyai 30, kila kimoja na nguo yake, nunua bapa moja kubwa, mkubwa alivunje, wadogo wachague vipande.

Sasa wakwe, ambao ndio waliokuliza.

Wifi yako alikuumiza, lakini soma ujumbe wake tena: amesema "tuchangie". Mshike hapo hapo kwenye neno lake. Mjibu leo: "Wifi, hali ni njema, asante. Mchango wako ni huu: njoo na hotpoti mbili tupu." Sikukuu ikiisha, mjazie moja pilau, nyingine nyama, aondoke nazo. Humalizi karatasi za kufungia, humwagi kiporo, naye anarudi kwake na chakula cha Jumatatu nzima. Sijawahi kumsikia mgeni aliyebeba hotpoti mbili akamwita mwenyeji wake bahili. Ubahili watu huuona kwenye sufuria. Ijaze, na sahani watakayolia hawataiuliza.

Mama mkwe usimwambie kitu. Muulize. Mpigie simu kabla hajapanda basi, umwambie: "Mama, wajukuu wanataka kujua Pasaka ililiwaje kwenu ulipokuwa mwali." Kisha nyamaza usikilize. Mwanamke aliyekulia Rombo ataanza na majani ya migomba, ataingia kwenye kibuyu cha mbege, na wewe utabaki kuitikia "Ee, mama". Akimaliza, mwombe aje na majani kidogo ya mgomba, makubwa, ya kutandika sinia za watoto. Akishuka stendi amebeba majani kichwani, habari yako imekwisha. Hakuna binti wa mama huyo atakayethubutu kusema ni umaskini, kwa sababu limekuwa agizo la mama. Na binti yako wa klabu ya mazingira atagundua kwamba mwanachama wa kwanza wa klabu yake ni bibi yake.

Mumeo yuko sahihi, Pasaka ni mara moja kwa mwaka. Ndiyo maana inastahili vyombo vya kweli.

Limebaki jambo moja. Ile glasi iliyo dirishani, usiitupe wala usiifiche. Jumapili hii, mkitoka kanisani na matawi yenu, muombe binti yako aitoboe chini kwa msumari wa moto, huku umemshikia. Jazeni udongo, fukieni punje mbili za maharage, mmwagilie kila asubuhi. Injili ya Yohana, sura ya 12, ina mfano wa punje inayofukiwa. Msomeeni mdogo jioni hiyo, atauelewa kwa sababu ameifukia mwenyewe. Maharage huchipua kwa wiki moja hivi. Mungu akijalia, asubuhi ya Pasaka shingo ya kijani itakuwa imepasua udongo.

Iwekeni katikati ya meza, picha ya sungura ielekee kwa wageni. Wifi yako ana macho; lazima atauliza kama hii si ile glasi ya mwaka jana. Usijibu wewe. Mwachie binti yako.

Ni mimi,
Mama Mkubwa