Mpira wa Lipu Ukiziba

Kwetu Mwera, kusini ya Mto Pangani, mashine ya kupampu lipu huja kwa kukodi, na huja kwa kuvuka mto. Ikikwama saa nne asubuhi, mwenyewe yuko Tanga mjini, kilomita zipatazo 50 kutoka Pangani, na mto uko katikati. Mpaka afike, saruji imeshakuwa jiwe. Kwa hiyo fundi wa huku hana budi kujua mambo mawili: kuzuia kizibo, na kukitoa bila kumtia mtu hospitali.

Watu hudhani mpira huzibwa na kokoto. Kokoto zipo, nitazifikia, lakini mara nyingi nikifungua mpira ulioziba nakuta mchanga mtupu, mkavu, umeshikana kama kisiki. Maji yake yamekwenda wapi? Yametangulia. Udongo wa lipu, au mota kama wasemavyo wa vyuoni, husafiri kwa sababu maji na saruji vinaubeba mchanga. Udongo usiposhikana vizuri, pampu inausukuma kama mtu anavyokamua nazi kwenye kifumbu: tui linatoka, machicha yanabaki. Hayo machicha ndiyo kizibo. Na ukiongeza presha unazidi kukamua, yaani unazidi kukaza. Nimeona mafundi wazima wakigombana na kizibo kwa kuongeza mwendo wa mashine, na kila dakika wanakifanya kirefu zaidi.

Basi anza na mchanga. Mchanga wa ufukweni acha, hata kama uko jirani na ni wa bure. Kwanza ufukwe wetu wa Pangani unaliwa na bahari bila sisi kuisaidia. Pili una chumvi, nayo hutoa madoa ukutani na kuozesha nondo. Tatu, na hili ndilo la mashine, punje zake zimelingana mno, halafu ndani mna makombe. Punje zilizolingana huacha mianya mingi katikati, na maji hupita humo mbio. Unataka mchanga wa mtoni wenye punje kubwa, za kati na laini pamoja. Ule uliooshwa ukabaki mweupe pe nao haupampiki vizuri. Unga kidogo wa mchanga ndio unaoshika maji. Lakini ukifikicha mchanga kiganjani ukaacha tope jekundu, huo umepitiliza.

Uchekeche wote. Kanuni ni kwamba punje kubwa kuliko zote isizidi theluthi moja ya upana wa ndani wa mpira, maana punje tatu zikikutana ubavu kwa ubavu hujifunga kama watu watatu mlangoni. Kwa mpira wa milimita 25 hiyo ni kama milimita 8, ila lipu yenyewe inataka chekecheo la milimita 4 au 5, kwa hiyo chekecha kwa hilo na umemaliza. Weka na wavu juu ya hopa, pale udongo unapomwagwa mashineni, kwani saruji iliyokaa kwenye unyevu wa pwani huwa na mabonge, na saruji haipitishwi kwenye chekecheo la mchanga. Huku kwenye mashamba ya mkonge kuna jambo jingine: wapo wanaotia nyuzi za katani kwenye lipu isipasuke. Kwa mwiko ni sawa kabisa. Kwenye mpira mwembamba nyuzi hizo hujisokota na kushika mchanga. Usizitie.

Kitu cha kutia ni chokaa. Wazee wa pwani hii walijenga kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na magofu ya Tongoni, njia ya kutoka Tanga kuja Pangani, yamesimama tangu karne ya 14 na 15. Chokaa hufanya udongo uwe laini na ushike maji yake, nayo ndiyo tabia pampu inayoitaka. Kipimo cha saruji ndoo 1, chokaa ndoo 1, mchanga ndoo 6 kinapita mpirani vizuri kuliko saruji na mchanga peke yake. Iwe chokaa iliyozimwa ikaiva na kuchekechwa. Bonge lisilozimwa litaziba mpira, na likipita litapasuka ukutani.

Kabla ya kumwaga chochote kwenye hopa, pima. Jaza ndoo udongo, iache dakika 10, kisha zamisha beleshi. Maji yakielea juu na beleshi likagonga mchanga mgumu chini, udongo huo hauendi mashineni. Rudia kuchanganya, ongeza chokaa, punguza maji. Naam, punguza. Saidia fundi akiona udongo hauendi hukimbilia ndoo ya maji, na maji ya ziada ndiyo yanayokimbia yakaacha machicha.

Mpira nao una haki zake. Utandaze bila kuukunja, kona ziwe pana, na uufunike kwa magunia ya katani yaliyoloweshwa, kwa sababu mpira mweusi ukianikwa juani unakausha udongo ndani kwa ndani. Kagua raba ya kila kiungio. Kiungio kinachodondosha matone unaweza kushawishika kukidharau, kwa kuwa ni maji tu yanayotoka. Ni maji tu, ndiyo, na hapo hapo kwenye tone ndipo kizibo kinapoanzia.

Kisha lainisha njia. Pitisha maji, yamwage yote, halafu tanguliza ndoo ya uji mzito wa saruji, mzito kama uji wa muhogo, ndipo ufuatishe udongo. Mpira mkavu hunywa maji ya udongo wa kwanza, nao unakwama kabla hujaanza kazi. Uji ukitoka upande wa pili ukinge kwenye karai, usiurushe ukutani.

Halafu kuna kusimama. Viwango vya saruji ya daraja la 32.5 vinataka isianze kushika kabla ya dakika 75, lakini kipimo hicho hufanywa maabara kwenye nyuzi 20. Januari yetu siyo maabara. Ukisimama robo saa, rudisha udongo nyuma kidogo na kuusukuma tena. Ukijua utasimama nusu saa, toa udongo wote na uoshe. Siku ya Ijumaa osha kabla ya kwenda msikitini, usijidanganye kuwa hotuba itakuwa fupi.

Sasa kimeziba. Tazama geji kwanza. Sindano ikipanda na udongo haufiki, kizibo kiko mpirani. Sindano ikilala na udongo haufiki, uache mpira: ama udongo umejenga daraja ndani ya hopa, ama ile nondo iliyosokotwa ndani ya pampu, inayosukuma udongo, inazunguka kavu, na ikizunguka kavu itaunguza ala yake ya raba mara moja. Zima.

Kwa kizibo cha mpirani, simamisha pampu, rudisha nyuma kwa sekunde chache, kisha zima kabisa na ufunguo utie mfukoni mwako. Usiiamini geji peke yake. Kwenye ujenzi mmoja niliokuwapo, sindano ilisoma sifuri kwa sababu tundu la geji lenyewe lilikuwa limeziba udongo. Kijana akafungua kiungio akiwa amekiinamia. Udongo ulimpiga usoni. Tulimwosha macho kwa maji safi karibu nusu saa kabla ya kupata usafiri wa hospitali, na nashukuru kwamba maji yalikuwepo, kwani saruji huunguza jicho. Tangu siku ile nabonyeza mpira kwa mguu, urefu wote. Ukiwa bado umevimba, presha imo, na hakuna anayegusa kiungio.

Ukilegea, vaa miwani, funika kiungio kwa gunia lililoloa, simama ubavuni, legeza polepole. Tafuta kizibo kwa kupapasa: mpira unakunjika, unakunjika, halafu pahala pamoja hauinami. Hapo gonga kwa nyundo ya mbao, kunja huku na huku, inua ncha na kutikisa, kisha tia maji kutokea upande wa pili ili kizibo kirudi kilikotoka. Mtu asikae mbele ya ncha. Upepo wa kompresa usiuguse, maana kizibo kikifyatuka kwa upepo ni risasi. Nondo nayo usiichomeke. Itachana ngozi ya ndani, na kila udongo utakaopita baadaye utanasa kwenye mpasuko huo. Machicha uliyoyatoa yatupe, usiyarudishe kwenye hopa kwa kubana matumizi. Anza tena na uji.

Umeme ukikatika mpira umejaa, sukari iliyokorogwa kwenye maji huchelewesha saruji kushika. Itie kwenye hopa na uchanganye kwa mkono, huku wenzako wakifungua mipira kwa utaratibu ule ule na kuikamua. Udongo huo usiende ukutani.

Na ukienda kukodi, kabla hujatoa hela mwambie mwenye mashine akumulikie mipira kwa ndani. Ukiona ukoko wa saruji, kataa. Hesabu raba za viungio, uliza miwani, uliza tufe la sponji la kusafishia. Asiye na tufe la sponji haoshi mipira yake, hata akikuapia.