Maadili ya Kuuzwa

Vijana wetu wa Likoni na Kisauni wasomao maadili chuo kikuu hutwambia: mchana twafundishwa asemayo Aristotle juu ya ukweli, usiku twawaandikia wanafunzi wa ng'ambo insha zao kwa ujira, na nyingine ni za maadili hayo hayo! Jee, yafaa?

Bunge la Uingereza liliikataza biashara hiyo mwaka 2022, lakini sisi hatukuhitaji kungoja sharia yao. Mtume (S.A.W.) alitia mkono katika lundo la nafaka sokoni, akaikuta ya ndani imerowa, akamwuliza mwenyewe kwa nini hakuiweka juu watu wakaiona. Insha yenye jina la asiyeiandika ni lundo lile.

Twajua karo ni nzito. Basi mwenye ilimu akimsomesha mwenziwe hata akaweza kujiandikia, akapokea ujira wake, hatuoni ubaya.