AFYA YA NGOZI NI KAZI YA NYUMBA NZIMA

Ngozi ndiyo kiungo kikubwa kuliko vyote katika mwili wa binadamu. Huzuia vijidudu visiingie mwilini, huhifadhi maji, huupoza mwili kwa jasho, na humjulisha mtu joto, baridi na maumivu. Hata hivyo watu wengi huikumbuka siku inapowasha au inapotoa usaha. Ndipo huanza kutafuta dawa za bei kubwa. Somo hili laeleza desturi chache za kila siku ziilindazo ngozi, nazo zaweza kufuatwa katika nyumba yo yote, iwe ya mjini au ya shambani.

Hewa ya Eldoret

Eldoret, mji uliopewa hadhi ya jiji mwaka 2024, upo karibu na mstari wa Ikweta, lakini umeinuka kadiri ya mita 2,100 juu ya bahari. Ndiyo sababu mchana jua huchoma na usiku watu hujifunika blanketi mbili. Ngozi ya mkaaji wa Uasin Gishu hupambana na mambo mawili pamoja: baridi ikaushayo na jua liunguzalo.

Penye baridi watu hupenda kuoga maji ya moto sana. Maji hayo huondoa mafuta ya asili ya ngozi, nayo hubaki kavu, yenye magamba na kuwasha. Yafaa kuoga kila siku kwa maji ya uvuguvugu na sabuni isiyo kali, bila kusugua kwa nguvu. Baada ya kujifuta, mafuta ya kawaida ya kujipaka yapakwe upesi, ngozi ingali na unyevu, ili maji yasipotee. Hakuna haja ya mafuta yenye manukato. Mafuta mepesi yasiyo na harufu yatosha. Tena wale waotao moto kwa kusogeza miguu karibu mno na mafiga wajue kwamba joto hilo, likirudiwa kila siku, huacha alama kama wavu juu ya miundi.

Upele na blanketi moja

Katika nchi ya baridi watoto hulala pamoja ili wapate joto, na hapo ndipo upele hupata njia. Upele hauletwi na laana wala damu mbaya. Huletwa na kidudu kidogo sana, ambacho jike lake huchimba ndani ya ngozi na kutaga mayai humo. Huhama kutoka mtu hadi mtu kwa kugusana ngozi kwa muda, kama vile kulala pamoja. Dalili yake kubwa ni kuwashwa, hasa usiku, na vipele katikati ya vidole, kwenye viwiko vya mikono, kiunoni na makalioni.

Uchukuliwe mfano wa nyumba moja ya mkulima wa mahindi yenye watoto watano. Mtoto wa tatu aanza kujikuna. Mama ampeleka zahanati, apewa dawa, ampaka, naye apata nafuu. Baada ya majuma machache mtoto yule yule ajikuna tena. Wazazi wasema dawa haifai, waenda dukani kununua nyingine ya bei zaidi, na fedha za karo zaanza kupungua. Kosa si la dawa. Mtu anayepata upele kwa mara ya kwanza huweza kukaa majuma manne hadi sita kabla ya kuwashwa. Kwa hiyo siku mtoto yule alipopakwa dawa, ndugu zake walikuwa na kidudu tayari bila kujua, nao wakamrudishia chini ya blanketi ile ile.

Njia iliyo sawa ni hii. Wote wakaao katika nyumba hiyo, wanaowashwa na wasiowashwa, watibiwe siku moja. Dawa kama benzili benzoeti au permethrini hupakwa mwili mzima kuanzia shingoni hadi nyayoni, pamoja na katikati ya vidole na chini ya kucha, kwa muda utakaoelezwa na mganga. Kwa watoto wachanga na wanawake wajawazito, mganga aulizwe kwanza. Siku hiyo hiyo nguo na mashuka yafuliwe kwa maji ya moto, yaanikwe juani na kupigwa pasi. Kisichoweza kufuliwa kifungwe ndani ya mfuko kwa siku chache, kwa maana kidudu kikitengwa na mwili wa mtu kwa kawaida hufa baada ya siku mbili au tatu. Dawa hurudiwa baada ya siku kadhaa kama mganga alivyoagiza. Kuwashwa huweza kuendelea majuma mawili au zaidi hata kidudu kikiisha kufa; hiyo si sababu ya kupaka dawa kila siku.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Mtoto ajikunaye hufungua mlango kwa vijidudu vingine, vidonda vikajaa usaha, na vijidudu hivyo huweza kuleta ugonjwa wa figo. Mtoto mwenye vidonda akivimba uso, au mkojo wake ukiwa mweusi kama chai, asicheleweshwe hata siku moja, apelekwe hospitali. Kwa ajili ya madhara kama hayo, Shirika la Afya Duniani liliuingiza upele mwaka 2017 katika orodha ya magonjwa ya nchi za joto yaliyosahauliwa.

Kichwa na miguu

Choa cha kichwani, yaani mapunye, huletwa na kuvu. Huenea kwa kutumia pamoja chanuo, kofia, na mashine ya kinyozi isiyosafishwa. Mzazi asione haya kumwomba kinyozi asafishe mashine kwa dawa kabla ya kumnyoa mtoto wake. Choa hiki hakiponi kwa mafuta ya kupaka peke yake. Huhitaji dawa ya kumeza itolewayo na mganga.

Kuvu hupenda pia katikati ya vidole vya miguu. Eldoret ni mji wa wakimbiaji mashuhuri, na vijana wengi huvaa viatu vyenye jasho tangu alfajiri. Miguu ioshwe, ikaushwe vema katikati ya vidole, soksi zibadilishwe kila siku, na viatu vianikwe. Nguo za mitumba nazo zifuliwe kabla ya kuvaliwa.

Jua na dawa za kujichubua

Wengine hudhani penye baridi jua halina nguvu. Sivyo. Mionzi iunguzayo huongezeka kadiri ya asilimia 10 kwa kila mita 1,000 za kupanda. Basi Eldoret huipata zaidi kuliko Mombasa, na mawingu mepesi hayaizuii. Ngozi nyeusi ina kinga yake ya asili, lakini mwenye ualbino hana kinga hiyo, naye yumo katika hatari ya saratani ya ngozi tangu utotoni. Mtoto huyo apewe kofia pana, shati la mikono mirefu na mafuta ya kukinga jua, wala asitumwe kuchunga ng'ombe adhuhuri.

Ni ajabu, basi, kwamba watu wenye kinga hiyo hununua dawa za kuiondoa. Krimu za kujichubua huweza kuwa na zebaki, iharibuyo figo, au hidrokwinoni, ambayo ikitumiwa kwa muda mrefu huacha mabaka meusi yasiyotoka. Nyingine zina dawa kali za hospitali ambazo hufanya ngozi kuwa nyembamba, na kumficha choa huku kikienea. Kenya ilipiga marufuku vipodozi vyenye zebaki na hidrokwinoni mwaka 1998, lakini bado huonekana madukani. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Mwisho, kidonda kisichopona, baka lisilo na hisia, au alama nyeusi ibadilikayo chini ya wayo, vionyeshwe kwa mganga mapema. Mengine yote yamo mikononi mwa watu wa nyumbani: maji, sabuni, mafuta kidogo, nguo zilizoanikwa juani, na moyo wa kutibiwa pamoja.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini mtoto aliyetibiwa upele peke yake huupata tena?
2. Mafuta yapakwe wakati gani, na kwa sababu gani?
3. Ni dalili zipi zionyeshazo kwamba vidonda vimedhuru figo?
4. Kwa nini jua la Eldoret lina nguvu ingawa hewa ni baridi?