ANZA NA SIKU YA MWISHO, KISHA RUDI NYUMA



Wangapi kati yetu hapa Moba tumesema "Inshallah nitahiji", na miaka inapita? Nia ipo, ila hesabu hakuna. Ijumaa ya leo tujifunze hesabu hiyo.

Mtazame Nabii Yusuf (a.s.) alipofasiri ndoto ya mfalme wa Misri. Aliujua mwisho: njaa ya miaka 7. Kutoka hapo ndipo ilipojulikana kazi ya leo: miaka 7 ya shibe watu walime kwa bidii, nafaka ibaki katika masuke yake, iliwe kidogo tu.

Nawe fanya hivyo. Mwisho wako ni kusimama Arafa, tarehe 9 Dhul-Hijja. Anayeikosa Arafa ameikosa hija. Siku hiyo haimngoji mtu. Sasa rudi nyuma:

1. Siku 10 kabla ya kufika Saudia, uwe umekwisha kuchanjwa homa ya uti wa mgongo, na homa ya manjano pia, kwa kuwa tunatoka Kongo.

2. Kabla ya hapo, viza, na pasipoti iliyobakiza miezi 6 au zaidi. Ongeza siku za mashua hadi Kalemie, maana ziwa likichafuka hakuna safari.

3. Kabla ya hapo, madeni yalipwe, na chakula cha unaowaacha nyumbani kiwepo.

4. Mwanzo kabisa, feza ya halali. Tuseme zinatakiwa dola 6,000. Miaka 5 ni miezi 60: dola 100 kila mwezi. Huwezi? Usijidanganye, weka miaka 10: dola 50. Kumbuka pia hija husogea mapema siku kama 11 kila mwaka wa kizungu. Katika miaka 5 unapoteza karibu miezi 2.

Na asiyeweza hata hivyo, hija haijamlazimu. Asiwanyime watoto chakula kwa ajili yake.

Hesabu ni hiyo hiyo kwa feza ya shule ya Septemba, na kwa bati za nyumba kabla ya mvua. Leo baada ya Isha, chukua karatasi, andika mwisho unaoutaka, urudi nyuma hatua kwa hatua mpaka ufike kesho asubuhi. Hatua ya kesho ni yako. Mwisho ni wa Mwenyezi Mungu. Mauti yakikukuta kabla ya kufika, yakukute njiani, si kitini.

Wabillahi tawfiq.